Ufuta, umeme na shemeji

Sahani ya mama mkwe imerudi kutoka chumba cha ndani kama ilivyokwenda, pamoja na ujumbe: "Mwambieni baba, nimeshiba." Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu atoke Baraka alfajiri. Shemeji yangu, mvuvi wa Kalundu, hana haya ya ukwe ya kumzuia. Alilibonyeza lile bonge kwa kidole gumba, akanusa, akauliza: "Shemeji, hii tunaupaka mtumbwi kabla haujaingia majini, ama mpaka uvuje kwanza?"

Lilikuwa rojo la ufuta. Mji wetu mzima wa Uvira unakula karanga za kusaga: kwenye sombe, kwenye lengalenga, juu ya mkate wa asubuhi. Mimi niliona kwenye simu mpishi wa Lebanoni akichovya mkate katika rojo jeupe linaloteleza, nikaagiza ufuta kwa boti kutoka Kigoma, nikasema mama mkwe atapewa kitu ambacho hakuna mkwe mwingine aliyewahi kumpa. Hilo, kwa kweli, lilitimia.

Habari za kinu nilichosagia nisikuchoshe nazo. Kilikuwa cha jirani, kilitoka kutwanga sombe, ndiyo maana rojo lilipata rangi ya majani.

Jambo lenyewe ni maji. Mbegu ya ufuta karibu nusu yake ni mafuta. Ukiikaanga na kuisaga kwa subira inakuwa unga, halafu vibonge vikavu, na pale mkono unapotaka kukata tamaa mafuta yanatoka mafichoni, kila kitu kinaanza kutiririka. Hukuongeza hata tone! Ni vumbi la mbegu linaloogelea katika mafuta yake lenyewe, na niliita nyumba nzima ije kutazama. Sasa tia vijiko viwili vya maji. Akili inakwambia rojo litalegea. Wapi! Linakaza. Lile vumbi linapenda maji kuliko mafuta. Likiyapata machache linayagombania, chembe zinashikana, mwiko unasimama wima katikati ya bakuli bila mtu kuushika. Dawa yake, usicheke, ni maji tena, mengi zaidi, huku unapiga kwa nguvu, mpaka mambo yageuke: sasa maji ndiyo yanayobeba, na mafuta yanatawanyika humo kwa matone yasiyoonekana. Hapo ndipo rojo linapolainika na kuwa jeupe. Yule mpishi alisema "maji kidogo," akatabasamu, video ikaisha.

Nilikuwa nimefika penye kupiga kwa nguvu. Mikseri ikazunguka, ikakohoa, na umeme ukaenda. Mtaa mzima ukasema "Aaa!" kwa sauti moja. Shemeji akaingia na tochi ya simu, akalimulika bakuli, na mengine unayajua.

Hapa niruhusu niache kucheka. Ruzizi, mto wetu, inatoka Ziwa Kivu na kushukia Ziwa Tanganyika. Njiani inazungusha mtambo wa kwanza wa umeme, uliojengwa na Wabelgiji, kisha wa pili ulioanza kazi 1989, ambao umeme wake Kongo, Rwanda na Burundi zinagawana. Maji yakishamaliza kazi yanamwagika ziwani, upande wa Gatumba, mbele ya macho yetu. Tunaogea maji yaliyokwisha kutoa umeme, na jioni mama anayeuza ndagala anawasha kandili, fundi wa kuchomelea amekaa juu ya vyuma vyake, mama anajifungua kwa mwanga wa simu. Karatasi ya kulipia umeme, hiyo haijawahi kukatika hata siku moja.

 

Wageni walipoondoka niliongeza maji, nikapiga kwa mwiko mpaka bega likauma, na rojo likawa jeupe kama la kwenye simu. Shahidi ni paka peke yake, na hana wa kumsimulia.

Basi atakayejaribu asiogope likikaza: aongeze maji, na asiwaite wakwe kabla halijalegea. Mimi ufuta uliobaki ninauuza, hapa Mulongwe, bei tutaelewana. Mwenye jenereta nitampunguzia.