Vikombe Vinne na Samaki Mmoja

Sisi watu wa pwani hatujawahi kukosa namna ya kujua nani anatuwaza. Jicho likicheza, kuna jambo. Ukipaliwa na maji, kuna mtu kakutaja, na hapo kazi yako ni kutaja majina ya watu mpaka koo litulie. Dalili hizi zina sifa moja kubwa: hazina picha. Jicho linacheza tu, halikuoneshi mwanamume aliyekaa chini ya mti kakunja mikono. Karata za ramli za tarot zinakuonesha, na hapo ndipo ilipoanza kazi ya ziada niliyopewa na shoga yangu.

Pakiti aliletewa na binamu yake anayeishi Birmingham. Yeye aliomba chokoleti. Zikaja karata 78 ndani ya boksi la manjano, pamoja na kijitabu cha Kiingereza chenye herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Kwa kuwa mwenye miwani ni mimi, nikateuliwa msomaji bila kura. Swali alikuwa nalo tayari, tena alikuwa nalo kabla hata ya pakiti: yule kaka wa uhasibu, ghorofa ya tatu, moyoni mwake yeye yumo au hamo?

Ushahidi uliokuwepo mpaka siku hiyo ni kwamba kaka huyo aliwahi kumwambia, "Leo umependeza." Ilikuwa siku ya kumuaga bosi, na ofisi nzima ilishona vitenge vya sare. Shoga yangu yuko mapokezi, kwa hiyo ndiye aliyependeza wa kwanza njiani.

Akazichanga karata, akafumba macho, akachomoa moja. Vikombe Vinne.

Nikuelezee ilivyo. Kijana kakaa chini ya mti, kakunja mikono, kakunja na miguu, uso kauinamisha. Mbele yake kwenye majani kuna vikombe vitatu. Pembeni, mkono umetokeza kwenye wingu, mwenyewe haonekani, unamnyooshea kikombe cha nne. Wala hana habari nao.

"Ananiwaza," akasema shoga yangu.

"Wewe ni yupi hapo?"

"Kikombe cha nne."

"Basi mbona hakutazami?"

"Ana haya."

Shangazi yake, aliyekuwa akitafuta chaja, akasimama nyuma yetu akaichungulia ile karata. "Huyo kalewa," akasema. "Vitatu keshamaliza, na mhudumu anamletea cha nne." Akaipata chaja yake, akaenda zake. Mpaka leo sijaona maelezo yanayoishinda hayo kwa uthabiti.

Nikafungua kijitabu. Kilisema uchovu, kukinai. Nikasoma kwa sauti ya upole, nikijua napeleka msiba. Shoga yangu akaruka kitini. "Amekinai! Amewakinai hao wengine watatu!" Akavihesabu vile vikombe vya chini kwa kidole, na nadhani kila kimoja alikipa jina na idara.

Sehemu ya lawama namtwisha Pamela Colman Smith. Karata za tarot zilizaliwa Italia karne ya 15, na kazi yake ilikuwa mchezo wa mezani, wa kulana kama huu wetu wa barazani: zile kubwa 21 zikiwa turufu, na ya 22 Mjinga. Ufaransa mpaka leo wapo wanaozicheza hivyo, wakahesabu pointi na kugombana vizuri, bila kumuuliza mtu anampenda nani. Mambo yalianza kupinda Paris mwaka 1781, Antoine Court de Gébelin alipoandika kwamba karata hizi ni kitabu cha hekima ya Misri ya kale. Wa kumbishia alikuwa wapi? Maandishi ya Misri ya kale hayakuwa na msomaji hata mmoja mpaka Champollion alipoyafumbua mwaka 1822, na kufikia hapo wapiga ramli wa Paris walikuwa na wateja wao.

Lakini hata wakati huo, katika pakiti nyingi vikombe vinne vilikuwa vikombe vinne, vimepangwa, basi. Mwaka 1909 huko London, Arthur Edward Waite akamwagiza Pamela achore pakiti mpya, na Pamela alikuwa mtu wa maigizo, aliyezoea kubuni mavazi na mandhari ya jukwaani. Akaweka watu mpaka kwenye zile karata ndogo. Mmoja kageuza mgongo, mwingine kajiinamia, mwingine ananyata na mapanga ya watu, na wote wana mkao wa mtu anayejua watazamaji wa viti vya nyuma wanamwona. Alilipwa kidogo kwa kazi kubwa ile. Lau angeacha vikombe vinne kama vilivyokuwa, shoga yangu angelala saa nne.

Maana picha yenye mtu haikwambii mtu huyo ni nani. Hili nilimweleza shoga yangu kwa utaratibu. Nikamwambia, huenda aliyekaa chini ya mti ni wewe. Nikamkumbusha fundi simu wa pale chini ya jengo lao, kijana mpole, ambaye kila mchana wa jua kali humpelekea chupa ya maji baridi mapokezi, akaiweka mezani, akasema "Pole na kazi, dada," akashuka.

"Huyo sijamuuliza," akasema, akachomoa karata nyingine.

Ikatoka Ghulamu wa Vikombe. Huyu ni kijana aliyevaa joho la maua, bahari iko nyuma yake, kashika kikombe mkononi, na ndani ya kikombe kuna samaki aliyetoa kichwa anamtazama. Wanatazamana kabisa, kama kuna deni kati yao. Nikasoma: habari, ujumbe.

"Ujumbe gani?"

"Hakijasema."

"Si huo hapo?" Akaweka kidole juu ya samaki.

Ndivyo tulivyojikuta soko la samaki la Feri alfajiri, tumepandisha magauni tusiloe, tunabishania changu. Nitamsifu shoga yangu panapostahili: tarot haijui, ila samaki wa kupaka anamjua. Alimpara magamba, akamchanja chale pande zote mbili, akamsugua ndimu, chumvi, kitunguu saumu na pilipili mpaka ndani ya chale, akamweka juu ya mkaa uliokwisha kupoa ghadhabu. Kisha tui zito, lililokwisha kuchemshwa na bizari na ukwaju, akawa anampaka kwa mgongo wa kijiko, anageuza, anapaka tena, mpaka ngozi ikawa na rangi ya dhahabu yenye madoa meusi. Mimi kazi yangu ilikuwa kupepea na kulia moshi. Wali wa nazi ukaingia hotpoti ya chini, samaki ya juu, na safari ya ofisini ikaanza.

Lifti ya jengo lao ilikuwa imekufa, kama desturi yake. Fundi simu akazibeba zile hotpoti mpaka ghorofa ya tatu, akashuka bila kuuliza ni za nani.

Nilichokipata ni simulizi ya mhusika mwenyewe, kwa hiyo punguza kidogo. Kaka wa uhasibu alifunua, akanyamaza. Akala tonge la kwanza, akafumba macho. ("Akafumba macho, unanisikia?") Wenzake wakasogea, mmoja na kijiko chake kabisa. Baada ya chakula akateremka mpaka mapokezi, akifuta vidole, akaegemea meza, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Dada," akasema, "sahani shilingi ngapi? Na lipa namba yako ni ipi?"

Shoga yangu anasema mdomo ulijibu kabla ya moyo. "Elfu nane." Namba ya kulipia akaazima ya fundi simu.

Sasa wanaagiza kila Ijumaa, na uhasibu wamewaambia watu wa ugavi. Jioni moja akazitoa tena karata, akarudia swali lilelile, moyoni yumo au hamo, na jibu likaja Sarafu Nane: fundi mwenye aproni kainamia benchi, ana nyundo mkononi, anagonga sarafu moja baada ya nyingine na kuzitundika kwenye nguzo.

"Anajenga," akasema kwa sauti ya chini. "Taratibu. Kitu cha kudumu."

"Huyo ni wewe, tena uko jikoni."

Hakunisikia, maana simu ililia. Ujumbe wa kaka wa uhasibu: Ijumaa wako kumi na mmoja, na sahani moja isiwe na pilipili.

"Isiyo na pilipili ni ya nani?" nikauliza.

"Yake." Alikuwa keshaiweka simu kifuani. "Mwanaume hakwambii habari za tumbo lake hivihivi."