Jembe la Mwenye Mgongo Mkorofi

Jembe la mkono linalouzwa katika maduka ya Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, ni bamba la chuma lenye uzito wa ratili mbili na nusu au tatu, na tundu la kupitishia mpini. Muuzaji huuza chuma peke yake. Mpini ni shauri la mnunuzi, naye kwa kawaida hukata wa urefu uleule aliokata baba yake, bila kujiuliza kama baba alikuwa mfupi. Matatizo mengi ya mgongo huanzia hapo, na hapohapo ndipo yanaporekebishika kwa urahisi: chuma kimeshaamuliwa kiwandani, lakini mpini bado ni mti uliosimama nyuma ya nyumba.

Kwa desturi mpini huwa mfupi, na mkulima huinama kutwa. Mwenye afya huvumilia. Wasioweza ni wengi kuliko wanavyoonekana: wazee wenye baridi yabisi, watu waliougua polio utotoni, majeruhi wa boda boda, na waliopoteza miguu kwa mabomu ya ardhini yaliyotegwa milimani wakati wa vita vya waasi wa ADF, vilivyoanza kwa shambulio la Mpondwe mnamo Novemba 1996. Uganda ilitangaza mwaka 2012 kuwa imemaliza kuyaondoa mabomu hayo. Miguu haikurudi, na maharage hayajapunguza magugu kwa kuwahurumia wenye mkongojo.

Dawa inayotajwa kwanza katika kila kitabu ni mpini mrefu. Kipimo chake hakihitaji futi: mpini ukisimamishwa wima kando ya mkulima, ufike kati ya kwapa na kidevu. Jimbo la California, huko Marekani, lilipiga marufuku jembe la mpini mfupi mwaka 1975, baada ya kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, kwa kuwa migongo ya vibarua wa mboga ilikuwa ikiharibika moja kwa moja. Wasimamizi wa mashamba walikuwa na sababu yao ya kulipenda: hata wakiwa mbali waliweza kujua kuwa aliyeinama anafanya kazi na aliyesimama anapumzika. Bwera haina haja ya kuajiri msimamizi wa namna hiyo, kwani kazi yake hufanywa bure na majirani. Anayelima akiwa wima huulizwa kama amekuja shambani kulima au kungoja gari. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya IFAD na FAO yalipochunguza zana za wakulima wanawake katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwamo, katika utafiti wa mwaka 1998, yalikumbana na fikra hiyohiyo kwamba kulima wima ni uvivu. Mpini unaweza kukatwa kwa dakika kumi. Fikra hiyo huchukua misimu kadhaa.

Kwenye tambarare za Mubuku au Nyakatonzi mpini mrefu hufanya kazi yake vizuri, kwa masharti. Kwanza, chuma kizito kwenye ncha ya mti mrefu huzidi kuwa kizito, na mgongo ulioponywa huyaachia mabega ugonjwa wake. Kwa hiyo hutafutwa jembe kuukuu lililolika kwa miaka mpaka likabaki nusu, yaani kijembe, ambacho hakikosi kufuatana na vijembe vya wapita njia. Pili, mkulima akisimama wima bamba halizami tena kwenda chini; hulala na kukwangua kuelekea kwake. Hilo ni jema kwa palizi, ni bure kwa kutifua udongo mgumu, na ni hatari kwa vidole vya miguu vilivyovaa kandambili. Tatu, mti uwe umekauka kivulini. Mkaratusi mbichi hukaa imara siku ya kwanza, hunywea siku zinazofuata, kisha asubuhi moja mkulima huinua mpini mtupu huku chuma kikiwa kimeshavuka mpaka wa shamba na kutua kwenye muhogo wa mwenzake, jambo ambalo huhitaji maelezo marefu. Kabari ya mbao kavu huzuia safari hiyo.

Siku za soko la Mpondwe, Jumanne na Ijumaa, mpini mrefu huonyesha kasoro nyingine. Ukilazwa kwa upana juu ya boda boda, hufagia wauza nyanya wa pande zote mbili za barabara. Chuma kitolewe kwenye mpini na kuingia mfukoni mwa gunia; mpini ushikwe wima, na abiria akubali tu kuonekana kama mbeba bendera.

Mlimani mambo hugeuka, na vitabu vingi vilivyoandikwa na watu wa tambarare hunyamaza. Katika miteremko ya Kyarumba na Kyondo, mkulima huelekea juu, na ardhi iliyo mbele yake huwa imeshamfuata nusu ya njia. Akipewa mpini mrefu huko, mwisho wake humsukuma tumboni, na baada ya saa moja huurudisha kwa aliyemletea akiwa na shukrani chache sana. Mwenye mgongo mbovu milimani hahitaji mpini mwingine. Anahitaji mahali pengine pa kusimama. Matuta ya ngazi, ambayo hutengenezwa ili mvua isibebe udongo na kuupeleka mtoni, hutoa mahali hapo: mtu husimama au kuketi kwenye ngazi ya chini na kupalilia ya juu, ikiwa imemfikia kiunoni. Vitanda vya mboga vilivyoinuliwa kwa matofali, ambavyo huko Ulaya hujengwa kwa gharama kwa ajili ya wazee, milima ya Rwenzori imevigawa bila malipo. Ngazi yenyewe iwe na ukingo ulioshikwa na nyasi, maana ukingo mtupu humeguka, na aliyeuegemea hufika kwa jirani wa chini kabla ya salamu zake.

Mkono nao una madai yake. Vidole vyenye baridi yabisi havipendi mti mwembamba, kwa kuwa kadiri mshiko ulivyo mwembamba ndivyo vidole vinavyolazimika kubana zaidi. Unene wa sentimita 3 hadi 4 huwafaa wengi. Fundi baiskeli yeyote ana tyubu zilizokufa. Vipande vyake huzungushwa kwenye mpini mpaka unene upatikane. Ila mji wa Kasese umekaa chini bondeni, kwenye joto, na tyubu kuukuu ikichomwa na jua huanza kunata. Wino wake mweusi husafiri kutoka kiganjani hadi kwenye shati la kanisani na hata kwenye bundu, ugali wa muhogo wa Wakonzo, ambao weupe wake hauwezi kuficha lolote. Kitambaa cha pamba kikifungwa juu ya mpira, ushahidi hupungua. Tawi lenye panda likifungwa katikati ya mpini huupa mkono wa pili mahali pa kushika bila kupinda kifundo. Kwa mwenye mkono mmoja, pete iliyokatwa kwenye shingo ya buti la mpira hupigiliwa karibu na mwisho wa mpini na kuvikwa kwenye kigasha, ili uzito ubebwe na mkono mzima badala ya kiganja peke yake.

Wasioweza kusimama hupalilia wakiwa wameketi, kwa jembe dogo la mpini wa kadiri. Kigoda huonekana suluhisho kamili mpaka mvua inyeshe; miguu yake mitatu huzama kwa kasi tatu tofauti. Ubao mpana ukipigiliwa chini yake, kigoda hukaa juu ya tope. Kibuyu cha plastiki cha lita 20 kikilazwa ubavu nacho hukaliwa sana, lakini kikiwa kitupu hubonyea chini ya mtu, na kikiwa mtelemkoni huteleza na aliyekikalia. Kijazwe mchanga, na mtelemkoni kisitumike kabisa.

Anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu hufaidika zaidi na bustani ya gunia. Gunia husimamishwa, hujazwa udongo na samadi kuzunguka nguzo ya mawe madogo inayopitisha maji katikati, kisha hutobolewa ubavuni na kupandwa sukuma wiki, mchicha (dodo) au vitunguu. Mboga humjia mkulima usoni. Gunia lisimame mahali ambapo baiskeli inaweza kulizunguka, na bustani yoyote inayofikiwa kwa upande mmoja tu isizidi upana wa sentimita 60 hivi, kwa sababu mkono wa aliyeketi hauendi mbali zaidi. Kasoro ya gunia ni kuwa kimo kinachomfaa mtu aliyeketi kinamfaa pia mbuzi aliyesimama, naye hufika mapema. Uzio wa miiba ni sehemu ya kifaa hiki, si nyongeza.

Maji hayana mjadala mrefu: lita 20 ni kilo 20, na hakuna aina ya mpini itakayobadilisha hesabu hiyo. Vibuyu vya lita 5, viwili, kimoja kila mkono, humweka mtu sawa kuliko kimoja kikubwa kinachomvuta ubavu. Toroli ni nzuri kwenye tambarare. Mlimani ikiteremka na mzigo humwongoza mwenyewe.

Linalobaki ni makali. Jembe butu hudai mapigo mawili pale ambapo moja lingetosha, na pigo la pili ndilo linaloumiza. Tupa hupitishwa upande mmoja tu wa bamba, chuma kikiwa kimebanwa chini ya gogo au na mtu mwingine, si katikati ya magoti. Tupa moja hutosha kaya tatu, ilimradi ijulikane kwa sasa iko kwa nani.