Mheshimiwa Diwani, Kwanza Mwombe Azime Projekta

Siku mkandarasi wa mfumo wa kompyuta atakapofika Bariadi, mkoani Simiyu, na tai yake, projekta na maboksi ya vitafunio, mkaribishe vizuri. Kula sambusa. Kisha mwombe azime projekta, maana ukaguzi unaanzia hapo. Picha za ukutani hazikwami. Kinachokwama ni mashine iliyo mkononi mwa mtendaji wa kijiji huko Itilima au Meatu, na mama aliyetembea tangu alfajiri anaambiwa mtandao unasumbua, arudi kesho.

Kabla hujauliza swali lolote, zijue hesabu za mkataba wa kampuni ya Lugumi. Jeshi la Polisi liliingia mkataba huo mwaka 2011, kwa shilingi bilioni 37, ili mashine za kuchukua alama za vidole zifungwe katika vituo 108. Mwaka 2016 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, ikiwa na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) mkononi, ikaeleza kwamba vituo vilivyofungiwa mashine ni 14, ilhali karibu bilioni 34 zilikuwa zimeshalipwa. Ikabidi iundwe kamati ndogo ya kufuatilia mashine. Wabunge wakapewa kazi ya kuhesabu baada ya fedha kutoka, wakati kuhesabu ndiko kulikopaswa kutangulia malipo. Mimi naliona hilo kuwa somo zima la mikataba ya namna hii.

Basi dai namba. Mkataba unaosema mfumo utakuwa "wa kisasa na wa haraka" urudishe ulikotoka. Uandikwe: watu wangapi wautumie kwa wakati mmoja, risiti itoke baada ya sekunde ngapi, mfumo usizidi saa ngapi kwa mwezi bila kupatikana. Na hapa kaza zaidi: mtandao ukikatika, mashine ifanye nini, na kumbukumbu zake zifike halmashauri baada ya muda gani? Ripoti za CAG kuhusu serikali za mitaa zimelalamikia mara nyingi mashine za kukusanyia mapato (POS) zinazokaa nje ya mtandao na makusanyo yasiyofika benki. Ushuru wa mkulima unaopotelea njiani ni dawa inayokosekana zahanati.

Jaribio lisifanyike ofisini kwa mkurugenzi. Lipeleke mnadani, ng'ombe wakiwa wengi na vumbi limetanda, au lisubiri msimu wa pamba, maana Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa zao hilo na msimu ukifunguliwa kila mtu anataka kuhudumiwa leo. Mpe mashine mtendaji mwenyewe, na fundi wa kampuni akae mbali asimnong'oneze. Marekani, yenye wataalamu wa kila aina, ilifungua tovuti yake ya bima ya afya tarehe 1 Oktoba 2013 bila kuijaribu vya kutosha kwa umati wa watu. Siku hiyo ya kwanza walifanikiwa kujiunga watu sita.

Malipo yaende kwa mafungu, na kila fungu lifungwe kwenye kitu kinachohesabika. Fungu la mwisho na dhamana ya utekelezaji vibaki mpaka mfumo umalize msimu mzima. Kamati ya ukaguzi na mapokezi isaini ilichokiona kwa macho yake. Uliza pia nani atamiliki msimbo wa programu na takwimu mkiachana na mkandarasi. Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo tangu 2019, iulizeni mapema. Serikali yenyewe iliachana na mfumo wa manunuzi wa TANePS mwaka 2023, ikahamia mfumo wa NeST uliojengwa na wataalamu wa ndani.

Na kama mfumo umeshanunuliwa na unasuasua? Mpe kila karani daftari. Aandike tarehe, saa, kituo, alichojaribu kufanya na kilichotokea. Kelele za barazani mkandarasi atazikana. Daftari la miezi mitatu hawezi. Kwa daftari hilo halmashauri iandike barua ndani ya muda uliotajwa katika mkataba, idai marekebisho, na yasipofanyika idai fidia.

Kabla ya kikao kijacho cha Kamati ya Fedha, omba orodha ya vituo vyote vinavyodaiwa kufungiwa mfumo. Chagua vitatu ambavyo hakuna aliyekupangia, nenda bila kupiga simu, kaa foleni kama mwananchi yeyote. Ukirudi, ndipo mjadili malipo.