Namna ya Kwenda Rondo na Kurudi Bila Kuona Kitu

Anayekwenda Rondo, mkoani Lindi, siku hizi ana shughuli zake: msiba, mzigo wa korosho, au shamba alilouziwa kwa simu. Hana muda wa wadudu. Shida ni kwamba viumbe wa huko hawajui kuheshimu ratiba ya mtu, na usipojipanga unaweza kurudi Dar umeona jambo.

Anza na kioo cha gari. Mkiacha lami ya Lindi–Masasi na kuanza kupanda, kipandishe mpaka mwisho. Hapo ndipo nyenze huanza kelele zao, na njia pekee ya kuwanyamazisha ni redio. Ongeza sauti mpaka dereva alalamike, kisha ongeza tena.

Mkiingia msituni, kila mti uite mvule. Mvule wenyewe ulikatwa sana enzi za mkoloni, lakini jina limebaki na linatosha. Ndege nao wasikusumbue: wadogo wote ni shorewanda, wakubwa wote ni kunguru. Yupo mmoja wa kijani, mdomo mnene, hukaa juu kabisa na kurudia sauti moja ileile bila kuchoka. Huyo ni wa kuogopa. Ukimsikiliza, atatokea mtu akueleze kwamba wanaofanana naye zaidi wako msitu wa Ngoye, Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo, na utaanza kujiuliza walitenganaje. Maswali ya namna hiyo huharibu safari. Sema, "Kale ka kijani? Kasuku," mwendelee.

Shambani ndiko kwenye mtihani. Utauona mkorosho una majani yaliyoshonwa pamoja, mabunda mabunda, na ndani yake majimoto. Usisogee. Ukisogea utagundua kwamba wameshona wenyewe: wengine wanavuta kingo za majani zikutane, wengine wamebeba mabuu mdomoni, na mabuu ndiyo yanayotoa uzi. Buu linapitishwa ukingo hadi ukingo mpaka nyumba inasimama. Mtu aliyekwisha kuliona hilo hawezi tena kupita chini ya mkorosho bila kutazama juu, na wewe una kikao saa tisa.

Mwenye shamba, kwa kuwa ni mzee mwenye subira, atakwambia, "Hawa, mwanangu, ndio askari wangu. Wanamfukuza mbu wa mikorosho." Naye ana haki ya kusema: huyo mbu hufyonza machipukizi mpaka yakauke, na majimoto humwinda. Itikia kwa heshima, halafu mshauri apige salfa. Salfa ni ya ugonjwa wa ubwiriunga, haihusiani kabisa na mbu wa mikorosho, lakini mshauri kutoka mjini hapimwi kwa anachokijua, hupimwa kwa viatu. Majimoto wakikuuma, piga kelele "Sisimizi!" na urudi garini. Mzee atacheka akiwa peke yake.

Usiku lala mapema. Hili nalisisitiza kwa sababu ya komba. Rondo ina komba wake, mwenye jina la Rondo hata katika vitabu vya kisayansi, ana uzito wa gramu 60 hivi na mkia wa brashi ya kuoshea chupa. Wataalamu walikuja kumtambua kuwa spishi ya peke yake miaka ya 1990. Anaishi katika vipande vichache vya msitu wa pwani ya Tanzania tu, wala hapendi kukaa juu sana. Hushuka chini vichakani kutafuta wadudu, yaani karibu kabisa na magoti yako. Kijana wa bodaboda akikwambia, "Bosi, zima taa tusikilize," muulize kama anajua sehemu ya kuchajia simu.

Ukibanwa sana kuhusu maajabu ya Lindi, kimbilia Tendaguru, kaskazini ya hapo, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi mikubwa kati ya 1909 na 1913. Wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Huyo ni ajabu la heshima: mkubwa, amekufa, na yuko Ulaya. Komba ana kasoro tatu, kwa sababu ni mdogo, yu hai, na nauli ya kumfikia ni ya bodaboda.

Ukirudi nyumbani wakuulize Rondo kukoje, jibu kwamba kuna kabaridi na mtandao unasumbua. Mtoto akidadisi kama huko kuna wanyama, mfungulie televisheni. Wa Serengeti wanaonekana vizuri zaidi, na wana mtu wa kuwaelezea.