Pete ya Dole Gumba

Nilimwajiri shemeji yangu mdogo, wa miaka tisa, akapime kidole cha dada yake akiwa amelala. Ujira ulikuwa mpira wa dukani, si ule wa majani ya migomba. Kazi yenyewe nyepesi: uzi, kidole cha pete cha mkono wa kushoto, fundo, basi. Kesho yake alinikabidhi uzi mwekundu uliofungwa ndani ya karatasi ya peremende, nyuma ya vyoo vya shule, tukitazama huku na huku kama watu wanaouziana bangi.

“Umepima kile chenyewe?” nikamuuliza.

“Ndiyo, mwalimu. Kile kikubwa.”

Mimi nalipwa na serikali kufundisha hesabu katika ekofo, yaani shule ya msingi, moja ya Bugendana, na bado jibu hilo lilinipita masikioni bila kubisha hodi.

Simu ndiyo iliyoniharibu. Wenzangu walikuwa wananitumia video za vijana wa Nairobi na Lagos: kijana anapiga goti, anafungua kisanduku, msichana anaziba mdomo kwa viganja, watu wanapiga makofi, maputo yanapaa. Nikajiambia nami nitafanya hivyo. Kwetu Burundi, mtanielewa, posa haina siri. Wazee wako wanatangulia kwa kina binti kwenye gufata irembo, kushika lango la ua; inafuata siku ya kuposa, halafu inkwano, yaani mahari. Msemaji wa upande wako na wa upande wao wanarushiana mafumbo nusu siku juu ya ng'ombe ambaye hayupo hata hapo uani, huku impeke ya mtama ikinyonywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Anayeoa amekaa kando kama mzigo unaosubiri gari. Kwa hiyo kumshtukiza binti peke yake, bila shangazi, bila msemaji, bila chungu, kulinipendeza sana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya jambo la kifamilia bila kikao.

Sasa almasi. Wamarekani, nilivyosoma, walikwisha kupangiwa kiasi: katika miaka ya 1980 matangazo ya kampuni ya De Beers yalikuwa yakiwauliza wanaume kama mshahara wa miezi miwili ni mwingi mno kwa kitu cha milele. Habari hii ya umilele nayo si mila ya mababu wa mtu yeyote. Ilitungwa mwaka 1947 na mwandishi wa matangazo, Frances Gerety, kwa kuwa almasi zilikuwa zinahitaji wanunuzi. Mwaka huohuo, huko Mwadui, Shinyanga, kwenye mgodi wa Mkanada John Williamson, lilipatikana jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, naye akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza liwe zawadi ya arusi. Lilipochongwa zilibaki karati 23.6. Lakini hebu tazama upande wa bwana arusi. Philip hakwenda dukani. Almasi za pete ya uchumba zilitolewa kwenye taji la mama yake. Nami nilipiga simu nyumbani Muyinga, nikamuuliza mama kama kuna chochote kinachong'aa alichonihifadhia. Akasema kuna sinia la shangazi, lakini limeazimwa.

Karati moja ni gramu 0.2. Nilipima punje ya haragwe la njano kwenye mizani ya shule, ikaja karibu karati mbili. Kwa mahesabu hayo, sufuria la wanafunzi siku ya Jumatano lingetosha kuununua mji wa Gitega pamoja na makao makuu yote yaliyohamishiwa huko. Na mshahara wa mwalimu wa miezi miwili ungetosha kununua ile ngozi nyembamba ya haragwe, tena baada ya kuomba punguzo.

Nikaamua kwenda Muyinga. Ni nyumbani, kuna masonara, na kuna barabara ya Kobero inayopitisha malori ya kutoka Dar es Salaam. Mwadui yenyewe si mwisho wa dunia: ukivuka mpaka, ukaipita Ngara, Nyakanazi na Kahama, Shinyanga inakuwa imekaribia. Nikajisemea kwamba almasi zilizokwenda hadi London haziwezi kushindwa kufika Muyinga. Ulikuwa mwaka 2024, esansi, yaani petroli, imeadimika, magari yanalala foleni kama ng'ombe kwenye josho. Kutoka Bugendana nilishuka Gitega kwa pikipiki, nikangoja siku nzima, kisha tukapakiwa kwenye Probox kupitia Karusi. Siti ya nyuma tulikuwa wanne na kuku wawili, na kuku ndio waliokaa vizuri.

Nilifika Muyinga na kutafuta watu wanaojua watu. Kwenye maegesho ya malori nikaonyeshwa kijana mwenye kofia ya sufu, akanivuta nyuma ya tairi, akafungua karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nane. Ndani kulikuwa na kijiwe cheupe, kikubwa kuliko punje ya mahindi.

“Mwadui,” akanong'ona.

Mimi si mjinga. Nilikuwa nimesoma kwamba almasi ni ngumu kuliko mawe yote na hukwaruza kioo. Nikamwambia sinunui mpaka nijaribu. Akatabasamu kwa ukarimu, akasema jaribu popote. Nikakisugua kwenye kioo cha pembeni cha Probox iliyokuwa karibu. Kikakwaruza, mstari mweupe safi, mrefu kama kidole! Moyo ulinidunda. Nikalipa palepale bila kuhesabu mara ya pili. Nilipogeuka, mwenye Probox alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni. Nikamlipa na yeye.

Sonara niliyekwenda kumwona alikuwa mzee wa makamo, kibarazani kwake, mbele yake taa ya gesi na kisahani cha maji. Alikitazama kijiwe kwa kioo chake cha jicho, akakiweka mezani taratibu kwa namna daktari anavyoweka karatasi ya majibu.

“Umepata wapi, mwanangu?”

“Kimekwaruza kioo, mzee.”

“Hata mchanga unakwaruza kioo.”

Kisha akanieleza, bila kucheka, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Wataalamu wana ngazi ya ugumu ya namba 10. Almasi iko juu kabisa. Kioo kiko kwenye tano na nusu hivi. Na jiwe langu, ambalo wataalamu huliita kwatzi, liko kwenye saba. Likisagika mtoni ndilo linakuwa mchanga. Mto Ruvubu umejaa almasi za aina yangu, akasema, na watu wanazijengea nyumba.

Akanifundisha jaribio jingine, la pumzi. Ukiipumulia almasi, ukungu hautulii, unafutika mara moja, maana jiwe hilo linapitisha joto kuliko hata shaba. Akaniambia nijaribu kwenye kijiwe changu. Asubuhi nilikuwa nimekula ndagala, yaani dagaa. Nikapumulia. Ukungu ukakaa, na mzee akarudi nyuma hatua mbili pamoja na kigoda chake.

Zile hela zilizobaki, tukazihesabu wote wawili kwa heshima inayostahili maiti. Zikatosha pete ya fedha yenye jiwe la kiwandani, zirkonia. Linang'aa, na kusema kweli linatupa rangi nyingi kuliko almasi. Mzee hakunificha: “Hii si almasi. Ukiulizwa, usiape.” Akauvisha ule uzi mwekundu kwenye kijiti chake cha chuma cha kupimia, ukateremka, ukateremka, ukasimama kwenye 64. Namba hizo ni milimita za mzunguko wa ndani wa pete. Wanawake wengi, alisema, ni 52, 54, mwenye mwili ni 58. Akanitazama.

“Mchumba anafyatua matofali?”

“Ni fundi cherehani.”

“Mapenzi hayachagui,” akasema, akaanza kukata fedha.

Jumapili iliyofuata nilimngoja mchumba baada ya misa. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kusuka nywele, nikaisifu bahati yangu. Nilikuwa nimechagua kijia cha chini ya mikaratusi, kati ya mashamba ya kahawa, mahali nilipoamini hapiti mtu. Bugendana ina vilima vingi, na kila kilima kina macho. Hilo nililijua tangu nihamie, nikalisahau siku hiyo tu. Mvua ilikuwa imenyesha. Nikapiga goti. Goti likazama. Ili nisianguke nikaongeza na la pili.

Video za simu hazikuniambia kwamba, kwetu, mwanamume mzima akipiga magoti kwenye matope mbele ya mwanamke, kuna maana moja tu. Sijafungua mdomo, akina mama wawili waliokuwa na majembe wakachomoza kwenye mibuni.

“Yoo! Kafanya nini?”

“Msamehe, dada. Ukiona mwalimu kafikia hapa, yamemfika.”

Mtoto akatumwa mbio. Baada ya muda mfupi akateremka mzee mmoja wa kilima hicho, mushingantahe, yaani mmoja wa wazee wa haki ambao tangu zamani huamua kesi kwa kupiga ardhi na fimbo yao, intahe. Fimbo anayo. Nyuma yake wazee wengine wawili, na nyuma yao nusu ya watu waliotoka kanisani. Mimi bado niko magotini, kwa kuwa matope yalikuwa yameshika vizuri.

“Amashyo,” mzee akanisalimu, maana adabu haikosekani hata mbele ya mhalifu. Ni salamu ya kutakiana ng'ombe wengi.

“Amashongore,” nikaitikia kutoka chini.

“Tusikie kosa kwanza. Msamaha utafuata.”

“Mzee, si kosa. Ni pete.”

Kimya. Wazee wakatazamana.

“Pete,” akarudia. “Ya nani?”

Nilianza kueleza, na kila nilichoeleza kilinizamisha zaidi: nimeipata Muyinga, kwa mtu, baada ya kununua nyingine nyuma ya lori. Mama mmoja akaweka jembe chini ili asikie vizuri. Nikaona kesi inakomaa. Nikamtazama mchumba wangu, aliyekuwa ameziba mdomo kwa viganja kama kwenye video, isipokuwa yeye alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. Akajifuta machozi, akanyoosha mkono.

“Ni yangu, mzee,” akasema.

Katika hotuba yote niliyoikariri wiki nzima, swali sikupata kuliuliza, na jibu likawa limekwisha kutolewa mbele ya mashahidi wasiopungua arobaini.

Kesi ikafungwa. Lakini wazee walikuwa wameitwa, wamesimama kwenye unyevu, wamesikiliza. Na wazee wakikatisha Jumapili yao kwa shauri lako kuna agatutu, kinywaji cha shukrani. Nilieleza kwamba hapakuwa na shauri. Mzee akasema kwa upole kwamba shauri lilikuwepo, isipokuwa nimeshinda, na aliyeshinda ndiye mwenye furaha ya kutoa. Kreti mbili za Primus. Mwenye duka alikuwa miongoni mwa mashahidi, akanikopesha kabla sijaomba.

Nikamvisha pete. Ikateleza kwenye kidole kama bangili kwenye mkono wa mtoto, ikaanguka, ikaviringika hadi miguuni pa shemeji yangu mdogo. Akaiokota, akaifuta kwenye kaptula, akachungulia ndani. Shule tumemfundisha kusoma namba, na siku hiyo akatuonyesha faida yake.

“Mia tisa ishirini na tano!” akatangaza. “Imeandikwa! Franka mia tisa ishirini na tano!”

Hiyo 925 ni muhuri wa mafundi. Maana yake fedha safi ni sehemu 925 kati ya 1000. Nililieleza hilo kwa sauti ya darasani, mara tatu, kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Lakini kwa watu ambao wametoka kujua bei ya kreti mbili za Primus, bei ya pete nayo ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mpaka leo sokoni kuna mama akinipimia viazi huuliza kama nitalipa kwa pete.

Jioni baba mkwe akaniita. Alikuwa ameishika kwa vidole viwili, anaigeuzageuza kwenye mwanga wa kibatari.

“Inang'aa,” akakubali.

“Ndiyo, baba.”

“Inazaa?”

“Hapana, baba.”

“Ina maziwa?”

Nikakaa kimya. Akanirudishia.

“Ichezeeni, ni kitu kizuri. Wazee wako waje lini kwenye lango?”

Walikuja baada ya miezi miwili, pamoja na msemaji, chungu na mirija, na nikakaa kando kama mzigo. Ng'ombe nilimlipa kwa bahasha, kama tunavyofanya siku hizi. Mke wangu alikuwa ameizungushia pete ule uzi mwekundu kwa ndani, mizunguko mingi, ili ikae kwenye kidole chake. Akishona huivua na kuivisha kwenye dole gumba, anasema huko inamsaidia kusukuma sindano.

Mpira sikuununua. Nilimwambia shemeji kwamba kazi mbovu haina ujira, akaondoka akilia, na mke wangu akaacha cherehani.

“Mpe mtoto mpira wake,” akasema. “Nilikuwa macho. Hicho kidole kingine alikuwa anakifinya, nikamnyooshea kikubwa anipimie haraka nilale. Na vitenge nimevaa Jumapili nne.”