Muulize Somo: Altezza, Laki Tano na Matairi Vipara

*Somo, nina Altezza RS200, nimeinunua mkononi mwa mtu. Matairi ya nyuma ni vipara, ya mbele yanaelekea huko huko. Nina laki tano tu. Ninunue mitumba ya jina kubwa au mapya ya Kichina? – Mwenye Spoti, Tabata*

Mwanangu, una bahati yako. Barua hii imenikuta sina mwali ndani, sina msiba, na jirani yangu amesafiri. Watu huniandikia mambo ya ndoa kwa kuwa ndiko jina langu lilikotangulia: nimefunda wanawali kutoka Pangani hadi Moa, na hakuna hata mmoja aliyerudishwa kwao ila aliyetaka mwenyewe. Wachache wanajua kuwa mume wangu wa tatu, Mungu amrehemu, alikuwa na gereji hapa Tanga, na kwamba akili ya gereji ile ilikaa jikoni ikikuna nazi.

Kwanza nikutoe aibu. Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na wengine. Mtumba, mwanangu! Wanasema alishinda kwa ustadi wake. Sibishani nao. Ila tuliokuwa kando ya barabara tunajua ni nani aliyempungia kanga, na kanga ile ilikuwa na maandishi gani.

Tuje kwenye Altezza. Ilipotoka Japani mwaka 1998 ilitunukiwa kuwa gari bora la mwaka huko kwao. Injini lita mbili, nguvu za farasi hadi 210, na zote zinasukuma magurudumu ya nyuma. Nairudia: ya nyuma. Ndiyo hayo hayo uliyoyaacha mpaka yakawa vipara! Mvua ya kwanza ya masika, kwenye mzunguko wowote wa Dar es Salaam, utajikuta umegeuka kuwatazama uliowapita.

Sasa chukua kitambaa, futa ukuta wa tairi, usome. Kama hakuna aliyebadilisha rimu, huenda ukakuta 215/45R17, pengine na 87W mbele yake. Wanawali wangu husoma kanga ya jirani kwa jicho moja na kulielewa tusi papo hapo, wewe utashindwa na tairi? Ile 215 ni upana kwa milimita. Ile 45 ni kimo cha ukuta kwa asilimia ya upana huo, yaani karibu milimita 97. R ni namna nyuzi zilivyolazwa ndani, na 17 ni inchi za rimu. Ile 87 inasema tairi moja linabeba kilo 545. W inasema linastahimili kilomita 270 kwa saa, na hapo najua umeanza kutabasamu. Usitabasamu. Saa kumi na moja jioni, kwenye foleni pale Tazara, muuza karanga atakupita na beseni lake kichwani.

Kuna namba nyingine, na muuza mitumba anaomba usiijue. Ni tarakimu nne mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT. Ukiona 2319, tairi lilizaliwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukizikosa upande wa nje, inama utazame upande wa ndani, maana mara nyingi huandikwa upande mmoja tu, na fundi mjanja anajua upande gani wa kuuelekeza ukutani. Mpira hukakamaa hata ukilala ghalani bila kutembea, na jua la kwetu haliusaidii. Michelin wenyewe wanasema likifika miaka kumi libadilishwe hata kama linaonekana zima. Basi tairi la jina kubwa lililofunguliwa kwenye gari la Mjapani, likapanda meli, likapakwa dawa ya kung'arisha mpaka unajiona usoni pake, jiulize: Mjapani alilifungua kwa nini?

Ukiona aibu kuinama, dawa ninayo. Mnunulie muuzaji halua, ile ya Zanzibar, inayonata. Akishaitia kinywani, muulize ghafla umri wa tairi. Mtu mwenye halua kwenye meno hawezi kutunga uongo mrefu. Asipojibu, fukiza tairi udi usiku wa Alhamisi. Halitapata ujana, lakini gari lililonunuliwa mkononi mwa mtu huwa na harufu ya huyo mtu.

Nikitaja mpira namkumbuka Charles Goodyear. Mwaka 1839 aligundua kuwa mpira ukipikwa pamoja na salfa hauyeyuki kwa joto wala haupasuki kwa baridi. Kila gurudumu duniani linakula jasho lake. Akafa mwaka 1860 na madeni juu ya madeni, na kampuni yenye jina lake ilianzishwa 1898 na watu wengine kabisa. Hakuwa na somo wa kumfunda mambo ya fedha. Angezaliwa Pangani, leo wajukuu wake wangekuwa na nyumba Raskazone, hapa Tanga.

Ulisema laki tano? Nilidhani umesema kwa utani. Sikiliza. Mapya ya jina dogo, saizi sahihi na tarehe ya karibuni, yanalishinda jina kubwa lililozeeka, hasa kwenye maji. Kama fedha haifiki manne, nunua mawili yanayofanana na uyafunge nyuma. Gereji nzima itakucheka, watakwambia mapya huwekwa mbele. Waache wacheke. Mbele ikiteleza, usukani unakuwa mwepesi, unajua, unapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, hujui lolote mpaka gari limekwisha kuzunguka. Watengeneza matairi wanasema hivyo, nami nilisema kabla yao.

Njia ya mkato ipo. Tafuta rimu za inchi 16 uvae 205/55R16, saizi ya magari mengi ya kawaida, kwa hiyo kila duka linayo na bei ina huruma. Kimo cha gurudumu zima kinatoka milimita 625 kwenda 632, spidomita haitagombana na wewe. Ila jaribu kwanza rimu moja mbele, uone kama haigusi breki. Zile za 17 wauzie vijana wanaopigia magari picha.

Akikujia mtu na kisu cha moto kukuchongea kashata, yaani meno ya tairi, upya kwenye kipara, mfukuze. Anachimba kwenye nyama ya mwisho iliyobaki juu ya nyuzi. Kipara kina kazi moja tu ya heshima, nayo ni katambuga. Peleka yote mawili kwa fundi, utavaa wewe na utavisha ukoo. Upepo pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, si kwa kupiga teke.

*Somo, matairi ya Miata yangu ni ya 2010 lakini kashata nene kabisa, maana gari hutoka siku za harusi tu. Bado mazima? – Bwana Harusi, Mombasa*

Hapana. Kashata inakwambia limetembea kiasi gani, haikwambii limeishi kiasi gani. Ndani ya mifereji kuna vivimbe vidogo. Kashata ikilingana navyo, zimebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Yako hayatafika huko kamwe, yatapasuka yakiwa mazuri. Tazama ukutani, utaona nyufa nyembamba. Na harusi hizo mbona kadi sizioni?

*Somo, mume wangu anaipenda Celica yake kuliko mimi. Kila baada ya miezi michache matairi mapya ya mbele, mimi kanga moja tangu Idi. Nifanye nini?*

Hatimaye swali la fani yangu, na mhariri ananionyesha saa! Mwanangu, nenda kayapapase yale ya zamani. Kama yamelika upande wa ndani tu, huyo hana mapenzi, ana alaimenti mbovu. Gari linalokula matairi namna hiyo magurudumu yake yamekaa upande. Mwambie akapime, atakaa na matairi yale muda mrefu, na fedha itakayobaki idai siku hiyo hiyo kabla hajaona rimu mpya. Kanga iwe doti nzima. Maandishi nitakuchagulia mimi.