Sifa za Springi Iliyolala

Lukenya ina watu wengi wa kusifiwa. Anayeuza ploti za hamsini kwa mia anasifiwa. Aliyechimba kisima akapata maji ya chumvi anasifiwa kwa kupata maji. Hata mwanakandarasi aliyemaliza ukuta kabla ya kuanza nyumba ana bango lake getini, lenye picha. Ila hizo nyumba zinazochipuka kati ya vilima na Barabara ya Mombasa hazikubebwa na hao. Zilibebwa, tripu baada ya tripu, na springi za nyuma za pikapu kuukuu. Shukrani ya kazi hiyo ni nini? Tunaziinamia, tunazitazama, kisha tunasema kwa dharau: zimelala.

Basi mimi nazisifu, maana mtu mwingine sijamwona akijitolea.

Hebu piga magoti kando ya gurudumu la Isuzu KB ya zamani, au Peugeot 504 ile ya kubebea mizigo, ambayo ndugu yake saluni alishinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson. (Andersson hakupakiwa kokoto, tukumbuke.) Utaona vyuma bapa, virefu kwa vifupi, vimelaliana na kufungwa pamoja katikati kwa senta bolti, halafu yu-bolti zikavibana kwenye ekseli. Siku vilipotoka kiwandani vilikuwa na tao. Sasa chuma kikuu kimenyooka, na kwenye pikapu za wauza maji kimeanza kupinda upande wa pili. Shakeli, kile kipande kinachobembea nyuma ya springi, imesukumwa hadi inakaribia kugusa chesisi. Ile raba iliyowekwa ili ekseli isigonge chesisi kwa bahati mbaya imeng'aa mahali pamoja, maana bahati mbaya hiyo hutokea kwenye kila tuta. Kati ya chuma na chuma panatoka unga mwekundu wa kutu, unaochanganyika na vumbi la murram hata hujui gari limeishia wapi na barabara imeanzia wapi.

Sifa ya kwanza ya springi hii ni ukweli, na hiyo peke yake ingetosha. Mizani ya barabarani ni ya malori. Pikapu hupita pembeni ikiwa imebeba siri yake. Springi haifichi. Dereva atakuambia amebeba "kidogo tu", huku bampa ya nyuma ikisoma barabara. Chukua maji, bidhaa inayoonekana nyepesi kuliko zote huku kwetu kwenye ukame. Lita 1,000 ni kilo 1,000. Pikapu ya tani moja imekwisha kujaa hapo, kabla hujahesabu tangi lenyewe, pampu, mpira, dereva, utingo, na shangazi aliyepewa lifti hadi Kyumvi. Simiti nayo mfuko ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ndiyo mwisho wa maneno; lakini muuzaji akipunguza bei kidogo kwa atakayechukua 30, ni nani atakayerudi mara ya pili kwa ajili ya mifuko 10? Mchanga ndio usiseme. Mita moja ya ujazo hufikia tani moja na nusu, na ukinyeshewa njiani huongeza uzito bila kumwongezea mwenye gari hata shilingi.

Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alieleza kwamba springi hupinda kwa kadiri ya mzigo: ukizidisha mzigo mara mbili, nayo itapinda mara mbili, na ukiutoa itarudi. Kweli tupu, ila kanuni hiyo ina mpaka wake. Chuma kikivushwa mpaka huo hakirudi chote. Kinabaki na kumbukumbu. London ya Hooke haikuwa na wauza kokoto, kwa hiyo utafiti wa upande ule wa mpaka umeendelezwa huku kwetu na matingo, wakiwa wameketi juu ya mzigo wenyewe.

Tuje kwenye sifa ya pili, mwanga. Gari likikaa nyuma, pua inainuka, na taa zinaacha kupoteza nguvu kwa kumulika lami. Zinamulika vilima. Wapanda miamba wanaokuja Lukenya mwishoni mwa juma wakisahau kamba huko juu, pikapu yetu itawaonyesha ilipo. Kwenye Barabara ya Mombasa usiku hakuna gari linalosalimiwa kama hili: kila anayekuja mbele anakuwashia taa kubwa, wengine wanapiga na honi. Usukani nao unakuwa mwepesi ajabu, maana magurudumu ya mbele yamepunguziwa kazi. Breki za mbele pia zimepunguziwa kazi, jambo ambalo dereva huarifiwa kwenye mteremko.

Sitasema mengi kuhusu faida za kijamii. Springi iliyolala imezuia shemeji wengi kuazima gari. Ubao wa nyuma umeshuka hadi kimo ambacho mama mzima anapandisha gunia lake bila kumwita mtu.

Na mafundi wa bandia je, wangekula wapi? Kuna anayechomeka kipande cha mbao juu ya ekseli. Kuna anayekata tairi chakavu na kuligandamiza pale penye raba. Kuna bingwa wa shakeli ndefu, anayeinua nyuma ya gari kwa nusu saa ukaondoka ukitabasamu. Lakini springi ni ile ile na nguvu ni zile zile, ni kama kumvisha mgonjwa viatu vya kisigino na kumwambia amepona. Hatari zaidi ni mwenye mtungi wa gesi, anayechoma chuma kikawa chekundu, akakikunja tao zuri la kupigia picha, kisha akakiacha kipoe chini ya mti. Ugumu wa chuma hicho ulitengenezwa kwa kipimo cha moto na kupozwa, yeye ameufuta. Tao hudumu mpaka tripu ya kwanza.

Fundi wa kweli nimemwona jua kali, pande za Athi River, na nakiri alikaribia kuniharibia hoja yangu. Hakugusa spana kwanza. Aliegesha pikapu ya mzee mmoja mahali tambarare, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa mudguard, kulia na kushoto, akaandika tofauti kwa chaki juu ya tairi.

"Mzee, ulikuwa unabeba nini?"

"Vitu vya kawaida."

"Vya kawaida vya nani?"

Alishusha springi, akaibana kwa klempu kabla ya kufungua senta bolti, kwa kuwa vyuma vile vikiachiwa ghafla huruka. Alichora tao la chaki kwenye sakafu. Kisha akapiga kila chuma kikiwa baridi, nyundo baada ya nyundo, kutoka katikati kwenda ncha, akikilaza juu ya chaki, akikirudisha kwenye kipande cha reli, bila haraka. Kimoja kilikuwa na ufa. Alikiweka kando, akakata kingine kutoka springi ya gari lililokufa. Hicho chenye ufa hakikutupwa. Jirani yake mhunzi alikuwa amekipigia hesabu tayari, maana chuma cha springi hutoa panga lisilojikunja na patasi za kupasulia mawe, yale yale yatakayopakiwa kwenye pikapu.

Wakati wa kurudisha alifunga yu-bolti mpya, kwa hoja kwamba za zamani zimeshavutika. Bolti za shakeli hakuzikaza mpaka gari likae chini kwa miguu yake, ili bushi za raba zisifungwe zikiwa zimejinyonga. Gari lilisimama sawa. Lilisimama vibaya, nikisema kama mpenzi wa springi zilizolala: likiwa tupu lilirukaruka kwenye matuta, na mayai yaliyokuwa nyuma yakalipa gharama.

"Mzee," alisema akifuta mikono, "wiki hii nenda polepole. Usipakie sana. Rudi nikaze yu-bolti tena."

Mzee aliitikia kwa moyo wote. Simu yake ililia kabla hajafunga mlango. Kuna mtu anajenga nyuma ya kilima, mafundi wamekaa bure tangu asubuhi, na alikuwa anauliza kama mifuko 30 inaweza kufika kabla ya saa kumi.

"Thelathini?" alisema mzee, akimtazama fundi. "Sasa hivi nina springi mpya. Fanya arubaini."